Mwaka Tuliocheza Bila Kupeana Mikono

Mwezi uliopita tulimzika Baba Kabula. Mapafu yake, yaliyoharibiwa na kifua kikuu tangu akiwa kijana, hatimaye yalichoka. Nilifika msibani Kiseke asubuhi, nikavua viatu na kukaa na kina mama kwenye mkeka uani, na kwa muda mrefu sikuwa na kazi nyingine ila kupokea mikono. Kila aliyeingia alizunguka mkeka mzima akitupa pole, mkono kwa mkono, na baadhi yao walikuwa wanakohoa, na hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nawaza hilo hilo wakati Mama Kabula aliponiegemea begani, macho yamevimba kwa kulia, akaninong'oneza: "Madam, hivi zile sheria zenu za netiboli, ule mwaka wa korona, zilikuwa na maana kweli, au mlikuwa mnatutia moyo tu?" Nilicheka. Kucheka msibani, tena mbele ya mjane! Wanawake wawili waligeuka kunitazama, lakini yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu. Nilimjibu kitu kifupi kisicho na kichwa wala miguu, kwa sababu wakati ule watu wa kwaya walikuwa wanaingia, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, jikoni, njiani, hata katikati ya kipindi darasani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na ilikuwa ajira yangu ya kwanza. Nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya binafsi, upande wa juu wa Kiseke, ambako ukisimama kwenye ngazi za bwalo unaliona ziwa kama bati lililolazwa chini ya vilima. Netiboli nilipewa kwa kuwa nilikuwa mwalimu mdogo kuliko wote, na mwalimu mdogo ndiye hupewa michezo, bustani na wageni. Sikuijua sana. Nilikuwa nimeicheza shule ya msingi, nikaachia hapo. Mwezi wa tatu shule zikafungwa nchi nzima, tukakaa nyumbani tukisikiliza redio na kujifukiza. Mji wote ulinuka mvuke wa mwarobaini na malimao. Kila duka liliweka ndoo yenye bomba mlangoni, na watoto walinawa mikono kama mchezo, wakirudi tena na tena hadi mwenye duka awafukuze. Mwishoni mwa mwezi wa sita wanafunzi walirudishwa, na Madam Tabitha, mkuu wetu wa shule, akaniita ofisini.

Ofisi yake ilikuwa chumba kirefu chenye vikombe vya michezo upande mmoja na magunia ya sembe upande mwingine, kwa sababu stoo ya chakula ilikuwa inavuja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyependa kukaa akiwa amevua kiatu kimoja. Alinisomea sheria za michezo alizozitunga na mwalimu wa nidhamu. Wachezaji wasipeane mikono na wapinzani. Mpira uoshwe kwa maji ya sabuni kila robo ya mechi inapokwisha. Wa akiba wakae mita moja moja, wakiwa na barakoa. Kila mtu awe na chupa yake ya maji. Watazamaji wasiimbe, wapige makofi tu. "Uzisimamie, Minza," akasema. "Mzazi mmoja tu akisema tumechezea afya ya mtoto wake, tumekwisha." Nikasema sawa Madam. Nilitoka nikijiona mtu mwenye dhamana, nikaazima rula kubwa ya ubaoni kutoka kwa mwalimu wa Hesabu, nikaenda kuwapimia wasichana umbali kwenye benchi.

Nahodha wetu alikuwa Koku, msichana wa Kihaya wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande anapouliza swali, kama mtu anayesikiliza saa. Alinitazama nikipima, akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Madam, samahani. Huyu Rehema hapa nalala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mchana tumekula sinia moja. Sasa tukifika hapa nje kwenye upepo, ndiyo tunakaa mita moja. Hivi virusi vina ratiba?" Wenzake wakaanguka vicheko. Nikawaambia sheria ni sheria. Nilipoisema sentensi hiyo niliisikia jinsi ilivyo tupu. Nimeshawahi kuwasikia watu wazima wengi wakiisema, lakini nilipoisema mwenyewe ilikuwa kama kumeza maji ya moto.

Pengine ningeendelea hivyo hivyo, rula mkononi, kama Kabula hangeacha kuja mazoezini. Kabula alikuwa mfungaji wetu. Hakuwa msemaji, hakuwa hata mwepesi wa kukimbia, ila akishika mpira ndani ya duara watu walinyamaza, kwa sababu mkono wake ulikuwa na utulivu usioelezeka. Alikuwa wa kutwa, wa kwenda na kurudi nyumbani. Darasani alikuwepo, mazoezini hayupo, na nikimuuliza anatazama viatu vyake. Jumamosi moja nikaamua kwenda kwao. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele ambacho nusu yake ilikuwa cherehani ya mama yake na vitambaa vya wateja, na nusu nyingine, nyuma ya pazia la maua, ilikuwa kitanda cha baba yake kilichosogezwa hadi dirishani. Nilisikia pumzi zake kabla sijamwona. Zilikuwa pumzi fupi zenye mluzi mwembamba mwishoni, na mtu ukizisikia unajikuta na wewe unavuta hewa kwa nguvu bila kukusudia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa hapo mlangoni hapo, unisamehe." Alinisogezea kigoda karibu kabisa na kizingiti, penye hewa. Alinipa ugali na dagaa waliokaangwa na nyanya, tukala yeye huku mimi kule, na tukiwa tunakula akaniambia moja kwa moja. Kabula hatacheza. Mumewe ana mapafu ya kuazima. Daktari alishawaambia mafua ya kawaida tu yanaweza kumlaza. Shule hana la kufanya, mtoto lazima asome, lakini mpira si lazima. Nikaanza kumtajia sheria zetu, moja baada ya nyingine, kama nilivyokaririshwa. Alisikiliza huku akimega ugali. "Mwalimu," akasema, "hizo nimezisikia. Kabula amenieleza. Amenieleza pia kwamba mnabadilishia nguo kwenye stoo ya mipira, wote, mlango umefungwa, na humo ndimo mnaimba. Sasa mimi sikusoma sana. Nieleze sheria moja tu kati ya hizo, inafanyaje kazi. Moja. Nikiielewa, Kabula atakuja Jumatatu."

Sikuweza. Nilifungua mdomo kueleza mpira na sabuni, nikakumbuka kwamba wasichana wanaushika mpira huo huo, bila sabuni, robo nzima kabla haujaoshwa. Nikataka kusema mikono, nikakumbuka jinsi wanavyogongana mabega wakigombea. Alipoona nimekwama hakunicheka. Aliondoa sahani akaingia nyuma ya pazia kumpelekea mumewe maji, na pale ndipo niliposikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. "Unamnyima mtoto kwa ajili yangu," sauti ya mwanaume ikasema, ikikatika katikati. "Sasa nimnyime kwa ajili ya nani mwingine?" mama akajibu. Kisha mumewe: "Mimi ndiye mgonjwa. Mbona hamniulizi?" Na mama, kwa sauti ya chini sana: "Kwa sababu najua utajibu nini, Baba Kabula." Nilisimama, nikaaga kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikaondoka.

Siku hizi, nikiulizwa ni lini nilianza kuwa mwalimu, sisemi siku ya kuhitimu. Nasema ni Jumatatu iliyofuata, nilipoenda kwa Madam Tabitha na kumwambia kwamba sizielewi sheria zake. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Angeweza kuniambia niende nyumbani nikazielewe huko. Nilimsimulia swali la Koku na la Mama Kabula. Alivaa kile kiatu chake, akakivua tena. "Unajua," akasema, "mimi nilipata siku mbili kuzitunga. Niliandika kila kitu nilichokuwa nakiogopa. Sikupanga kwa akili, nilipanga kwa hofu." Akakivaa kiatu. "Waite hao mabinti. Leo baada ya vipindi. Na mwambie mpishi alete chai."

Tulikaa kwenye baraza ya bwalo, wasichana wote wa timu, kila mmoja na kikombe chake, katikati kukiwa na ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo hutafunwa kwa subira. Kabula alikuwa amekaa mwisho kabisa. Madam Tabitha akasema, "Tutazichukua moja moja. Kila sheria ituambie kazi yake. Isiyokuwa na kazi tutaiaga. Na atakayesema 'kwa sababu nimesema' ni mimi peke yangu, na sitaki kulazimika." Wasichana waliangaliana. Walikuwa hawajawahi kuulizwa kitu kama hicho na mtu mwenye ofisi.

Jinsi walivyochambua! Nilikaa pembeni nikitafuna, nikiwasikiliza kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yake akakuta vyumba asivyovijua. Rehema alisema kukaa mita moja kwenye benchi hakuna faida kwa wao wa bweni wanaolala pamoja, lakini kuna faida kwa wa kutwa, ambao kila jioni wanarudi kwa watu wengine. Kwa hiyo wa kutwa ndio wakae mbali, wa bweni wakae kawaida. Mwingine akakumbusha kwamba netiboli yenyewe ina sheria ya umbali: mtu akishika mpira, anayemkaba lazima awe futi tatu kutoka kwake. "Basi sisi tulikuwa na mita moja kabla ya korona," akasema, na Koku akamkata: "Ndiyo, lakini ni mbele ya mwenye mpira tu. Pale chini ya pete tunapogombea, tunapumuliana masikioni." Wakakubaliana kwamba hapo hakuna la kufanya, huo ndio mchezo, na kwamba dakika za kugombea zikijumlishwa si nyingi, tena ni nje. Kisha Kabula, ambaye hakuwa amesema neno, akanyosha mkono.

"Zile vesti za herufi," akasema.

Nikajua mara moja. Vesti hizo, zenye herufi za nafasi ya kila mchezaji uwanjani, zilikuwa seti moja. Mchezaji akitoka, alivua vesti yake iliyolowa jasho, na anayeingia aliivaa hapo hapo, akiipitisha usoni, juu ya pua na mdomo. Tulikuwa tumekataza kuazimana chupa za maji kwa ukali mkubwa, huku tukifutana nyuso kwa kitambaa kimoja. Hakuna aliyeliona, kwa sababu vesti haikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa kitu cha kila siku. Na baada ya hapo stoo ya mipira nayo ikatajwa, ile isiyo na dirisha, ambayo tulibanana humo tukiimba kwa sauti zote kabla ya kutoka nje na kukatazwa kuimba. Madam Tabitha alishika kichwa. "Kwa hiyo virusi tumevifungulia mlango ndani, tukaweka askari uwanjani," akasema.

Stoo ikafungwa; wangekuja wamevaa nguo za mchezo. Nyimbo zikaruhusiwa nje, zikakatazwa ndani na kwenye gari. Gari la kwenda mechi madirisha yote wazi, vumbi au si vumbi. Kupeana mikono na wapinzani kukabaki marufuku, ili wa kutwa wasipeleke kitu nyumbani. Ilipofika zamu ya kuosha mpira, Koku akasema haina kazi, mpira unateleza, na Rehema alishaangukia kiwiko kwa sababu yake. Madam Tabitha akatikisa kichwa. "Hiyo ibaki, lakini mwishoni mwa mechi tu," akasema. "Ukitaka kujua kazi yake, haifanyi kazi kwa ugonjwa sana. Inafanya kazi kwa wazazi. Wakipita wakaona tunaosha mpira, wanajua kuna mtu anafikiri." Koku akainamisha kichwa. "Kwa hiyo hii ni ya wazazi, si ya virusi." "Ndiyo." "Basi tuiite hivyo," Koku akasema. "Tusije tukaichanganya na zile nyingine." Nimekaa kwenye vikao vingi tangu hapo, vya watu wenye vyeo na miwani, na sijasikia sentensi ya maana zaidi ya ile ya binti wa kidato cha tatu mwenye kiazi mdomoni.

Nilirudi kwa Mama Kabula nikamweleza ya vesti. Moja tu, kama alivyotaka. Aliachia cherehani. Akaniuliza vesti zina ukubwa gani, akainuka, akavuta kitambaa cha shuka kilichobaki kwenye oda ya mtu, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa na seti ya pili kwa ajili ya wanaoingia, nyeupe yenye herufi nyekundu, moja ikiwa imepinda kidogo kwa sababu aliishona usingizini, alivyodai. Kabula akaruhusiwa, kwa masharti ya nyumbani: aoge uani kabla ya kuingia, alale kwa shangazi yake siku za mechi. Baba yake alizungumza nami kupitia pazia kwa mara ya kwanza. "Wabeja, mwalimu," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma. "Sasa mimi nitakuwa nasikia habari za mpila." Alisema mpila, kama wazee wetu wengi.

Mechi ya kwanza ilikuwa kwa shule ya Kisesa, nasi tulipofika wenyeji walitujia wamenyosha mikono. Wasichana wetu wakarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mbaya kutazama. Mwalimu wao, mwanaume mwenye filimbi ya shaba, akakunja uso: "Mnatuona sisi wagonjwa?" Kwao mambo yalikuwa yamekwisha, watu walikuwa wanasema ugonjwa umepita, na sisi tulionekana watu wa mjini wenye maringo. Sikuwa nimejiandaa. Koku ndiye aliyepiga goti kidogo mbele ya nahodha wao, kama binti anavyomwamkia mkubwa, akamwambia, "Dada, si ninyi. Mwenzetu mmoja ana mzee nyumbani hawezi hata mafua. Tunamlinda yule." Nahodha yule akamwangalia, akauliza ni nani. Kabula akanyosha mkono juu, uso umemwiva kwa haya. Basi timu nzima ya Kisesa ikampigia goti Kabula, kwa utani na si kwa utani, halafu wakatufunga vibaya sana.

Siku chache baadaye Kabula akashikwa na homa. Nilipopata habari nilitoka mbio. Nilimkuta Mama Kabula kwenye benchi la zahanati, naye alinitazama kwa macho ambayo bado nayakumbuka. Hayakuwa na lawama, yalikuwa yanangoja kuona kama yatahitaji kuwa na lawama.  Kipimo kilipotoka kilikuwa malaria, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimshukuru Mungu kwa malaria. Lakini jioni ile niliuona ukweli ambao ndio nusu ya jibu analonidai Mama Kabula: ingekuwa korona, sheria zetu zote nzuri zisingenisaidia kumtazama machoni. Na kwa sababu haikuwa korona, siwezi kudai kwamba ni sheria zilizomwokoa mumewe. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Pengine kwa sababu ya vesti, pengine kwa shangazi na kuoga uani, pengine kwa bahati tu. Sheria inayofanya kazi haionekani. Inaonekana ile iliyoshindwa. Ninachojua ni kwamba zile tulizoweza kuzieleza wasichana walizishika hata nikiwa sipo, na zile tulizoshindwa kuzieleza walizishika nilipokuwa natazama.

Kisesa walikuja kwetu karibu na mwisho wa muhula. Siku mbili kabla, Kabula alinifuata akaniambia baba yake anataka kuja. Hakuwahi kumwona akicheza. Mama alikuwa amekataa, kisha akalia, kisha akasema waulizwe wale wa kwenye baraza. Kwa hiyo tukakaa tena, safari hii bila chai, na swali lilikuwa moja: kiti cha Baba Kabula kikae wapi? Walizunguka uwanja wakitupa vipande vya nyasi hewani. Upepo wa mchana unatoka ziwani. Kwa hiyo, wakasema, akikaa upande wa ziwa, peke yake, upepo utampita yeye kwanza ndipo ufike kwa watu. Pumzi za watu zitakwenda mlimani. 

Aliletwa kwa pikipiki ya jirani, polepole, akiwa na koti zito na barakoa ambayo mkewe aliishona kwa kitambaa kilekile cha shuka. Akakaa pale peke yake na ziwa mgongoni, watazamaji wote wakiwa ng'ambo ya uwanja, kama mgeni rasmi aliyesusiwa. Mama Kabula alisimama katikati ya yeye na sisi. Kabula alikosa mara ya kwanza, na mara ya pili, na nilidhani macho ya baba yake yamemlemea. Kisha akatulia. Mpira ukaingia, ukaingia tena, na yule mzee, ambaye alikatazwa kushangilia kwa sababu ya kifua, alikuwa anapiga paja lake kwa kiganja kila ulipopita kwenye pete. Tulishinda kwa goli moja. Wasichana wa Kisesa walipiga goti bila kuambiwa.

Nikaenda kumsalimia, nikasimama hatua kadhaa upande wa upepo unakokwenda. Kabula akaja naye, akihema, akasimama karibu yangu.

"Mwalimu," Baba Kabula akasema kwa zile pumzi zake fupi, "kuna kitu hakina maana."

"Kipi, mzee?" nikauliza haraka.

"Huyu mtoto akishika mpila, mbona hakimbii nao? Miguu anayo. Njia iko wazi. Anasimama tu. Nani aliweka sheria hiyo?"

Nilianza kutafuta jibu, lakini halikuwa swali langu. "Ndivyo ilivyo, baba," Kabula akasema. "Ukiwa nao huruhusiwi kwenda popote. Lazima umtafute mwenzako."

Mzee akawatazama wasichana wa timu zote mbili waliokuwa wanaosha mpira kwenye beseni. "Hiyo nimeielewa," akasema. Kisha akainuka, akashika kiti chake mwenyewe, akakisogeza mbele kidogo, karibu na mstari, akakaa. Mama Kabula alimwona. Akafungua mdomo, akatazama nyasi zinavyolala kuelekea mlimani, akaufunga.